Namna ya Kusoma kwa Huruma Bila Kumhurumia Mtu

Kama hujaalikwa bado, utaalikwa. Mwaliko huja kwa simu, jioni, baada ya salamu ndefu za kuulizia watoto na kazi: "Tumeanzisha kikundi chetu kidogo hapa mtaani, tunasoma vitabu na kujifunza kuhurumiana. Karibu sana, wewe ni msomi." Ukisikia hayo usikatae, maana kukataa kutakupa sifa ya uchoyo wa roho. Ila usiende kichwakichwa.

Kusoma kwenyewe hakuna madhara. Nchi nzima imesoma riwaya kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne na hakuna aliyedhurika. Hatari iko kwenye hilo la pili. Huruma ni kitu cha gharama. Ukishamwonea mtu huruma ya kweli, kinachofuata ni nauli, kilo mbili za sukari, au usiku mzima kwenye benchi la hospitali ukimwuguza mtu ambaye si wa ukoo wako. Mwongozo huu ni wa mtu mwangalifu, anayetaka heshima ya kuitwa mjumbe wa kikundi cha huruma bila kuingia hasara hizo. Inawezekana. Wengi wameweza, na baadhi yao ni viongozi.

Tuanze na saa. Kikao hutangazwa kuwa saa kumi kamili alasiri. Ole wako ufike saa kumi. Utamkuta mwenye nyumba yuko bafuni, watoto wanatazama katuni, na viti bado vimerundikwa uani. Utaombwa usaidie kuvipanga, na watu wakipanga viti huulizana: unatoka wapi, una watoto wangapi, mbona mwaka huu hukwenda kwenu. Mazoea huanzia hapo. Wewe fika saa kumi na moja na nusu, simu sikioni, ukiomba radhi kwa kiganja. Taja foleni. Foleni ya Ubungo imesingiziwa na kila mtu na haijawahi kukanusha.

Kitabu usikinunue. Kila kikundi kina kijana mwenye nakala zote kwenye simu, zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, huku na kule kikionekana kidole gumba kimefunika aya nzima. Atakutumia bure. Mwandishi na mchapishaji hawamo katika orodha ya wanaohurumiwa mwezi huu. Ikitokea zamu ni ya Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, umepata bahati zaidi: Amil Shivji aliitolea filamu mwaka 2021, na aliyeitazama anaweza kusema mengi ya kupendeza kuhusu Yasmin na Denge, mradi asiombwe kufungua ukurasa.

Ukipewa nafasi ya kuzungumza, anza kwa kusema huna mengi. Kisha sema itifaki imezingatiwa. Kisha unga mkono alipoishia mzungumzaji aliyetangulia, hata kama ulikuwa nje ukipokea simu alipokuwa akizungumza. Mtu akifika kwenye hoja yake kwa njia hii huwa wasikilizaji wameshachoka kiasi cha kutomwuliza kitu.

Lakini kinga kubwa kuliko zote tulipewa bure shuleni, na nataka tukae nayo kidogo.

Chukua Rosa Mistika. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, aliitoa mwaka 1971. Kwa muda ikazuiwa mashuleni, kwa kuwa ilisema hadharani mambo ambayo wazazi walikuwa wakiyanong'ona. Baadaye milango ikafunguliwa. Kisa chenyewe kinajulikana. Zakaria, baba mlevi, anamshushia binti yake kipigo kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti anakua akijua kuiogopa fimbo, na hakuna zaidi alichofundishwa. Akishafika mbali na fimbo hiyo, shuleni na chuoni, maisha yanamwendea mrama mikononi mwa wanaume, na mwisho wa yote anajiua. Mtu anayesoma haya usiku, peke yake, nyumba imetulia, anaweza kupata matatizo. Anaweza kumkumbuka binti wa jirani. Anaweza hata kumkumbuka binti yake mwenyewe, aliyelala chumba cha pili, ambaye juzi simu yake ilipekuliwa, na mpekuzi ni yeye huyu msomaji.

Sasa tazama kinga inavyofanya kazi. Mwalimu mstaafu wa Kiswahili (kila kikundi kina wake, na Mungu amweke) anasafisha koo na kuuliza: "Rosa ni mhusika wa aina gani?" Sebule nzima inachangamka. Mhusika duara! Na Zakaria? Hapo kuna ubishi mtamu wa robo saa. Nafasi ya mwanamke katika jamii? Mwanamke kama chombo cha starehe, mwanamke kama mlezi wa familia, mwanamke kama mtu asiye na maamuzi. Dhamira je? Malezi mabaya, ulevi, unyanyasaji. Mtu aliyemaliza shule zamani anajikuta anakumbuka yote, na furaha ya kukumbuka inamjaa kifuani pale pale huzuni ilipokuwa inatafuta pa kukaa. Ukishampa Rosa nafasi zake katika jamii, amekwisha. Hatakufuata nyumbani.

Mimi sina ugomvi na uhakiki. Mhakiki mzuri hukuonyesha kwamba Kezilahabi hamwambii msomaji amrushie nani jiwe, na hilo ni jambo kubwa. Ila tunaozungumza habari zao hapa si wahakiki. Ni watu waliogundua kwamba mtu akiwekwa kwenye jedwali, haumizi tena.

Kwa bahati mbaya kinga hii ina tundu. Kila kikundi kina mama mmoja asiyesema sana, anayekaa karibu na mlango kwa sababu jioni ana chapati za kuuza. Mwezi wa tatu au wa nne, katikati ya fani na maudhui, atasema bila kunyanyua sauti: "Mimi huyu Zakaria nimeishi naye." Basi. Haongezi neno. Na hapo mambo yamekwisha kuharibika, maana mhusika ametoka kitabuni, ameketi kwenye kiti cha plastiki, ana jina, na nyote mnajua anapokaa.

Wazoefu wana njia zao. Mmoja atasema, "Pole sana, mama, Mungu ni mwema," kwa sauti ya mtu anayefunga duka. Mwingine ataulizia chai. Mwenyekiti atakumbuka kwamba muda si rafiki. Kijana mmoja, ambaye bado hajafundishwa adabu za kikundi, anaweza kusema kwamba hata Zakaria naye pengine alikuwa na baba. Huyo atazomewa, kwa kuwa kikundi cha huruma hakina bajeti ya kuwahurumia wenye makosa. Na mama wa chapati ataitazama ngozi ya mikono yake mpaka mjadala urudi kwenye tamathali za semi.

Ukitaka kumaliza jambo hilo kwa heshima, taja utafiti. Sema: "Ndiyo maana wataalamu wanasema kusoma hadithi kunaongeza huruma." Utakuwa umesema nusu ya kweli, na kwa kikao hicho nusu inatosha. Mwaka 2013 David Comer Kidd na Emanuele Castano walichapisha katika jarida la Science majaribio yaliyoonyesha kwamba watu waliosoma vipande vifupi vya hadithi za kifasihi walipata alama bora kidogo katika kutambua hisia za watu kwa kutazama picha za macho yao. Magazeti yalifurahi. Yaliyofuata usiyataje: watafiti wengine walirudia jaribio hilo, na matokeo waliyochapisha mwaka 2016 na 2018 hayakuonyesha faida ile. Binafsi sikushangaa. Anayeweza kukisia pichani kwamba macho haya yana huzuni, bado hajampelekea mwenye macho hayo hata kikombe cha uji.

Kama mtaa wako ni wa wasomao Kiingereza, hutaletewa Rosa. Utaletewa Karen Armstrong, Mwingereza aliyewahi kuwa mtawa, akaacha, akawa mwandishi mashuhuri wa historia ya dini. Mwaka 2008 alipata tuzo ya TED, na kwa tuzo hiyo akaomba asaidiwe kuandika mkataba wa huruma, ambao ulizinduliwa 2009. Kisha akaandika Twelve Steps to a Compassionate Life, hatua kumi na mbili za kujifunza huruma, ambazo vikundi hupenda kuzisoma moja baada ya nyingine. Hatua ya tatu ni kujihurumia mwenyewe. Ya kumi na mbili ni kuwapenda adui zako. Kikundi kinachokwenda hatua moja kwa mwezi hufika ya tatu mwezi wa tatu, kikapapenda, kikapanga safari ya mapumziko Bagamoyo, kikaita mtaalamu wa masaji, na haijulikani kitaondoka lini. Armstrong hana kosa. Ya tatu aliiweka iwe kidato cha kukanyaga ukipanda. Wao wameweka kochi. Adui wa hatua ya kumi na mbili, yaani yule mwenye baa inayopiga muziki mpaka alfajiri nyuma ya ukuta, anaweza kulala bila wasiwasi wa kupendwa.

Jihadhari pia na mzee atakayekumbusha kwamba kusoma pamoja si jambo geni hapa kwetu. Wazee wa namna hii ni hatari kwa sababu wana mifano.

Atakuambia habari za maulidi ya Barzanji huku pwani: kitabu kinazunguka, huyu anasoma mlango wake, yule anapokea, na mwisho sinia za pilau zinashuka na hata mpita njia anakaribishwa kula. Hakuna aliyepewa pilau kwa kiasi cha alichokielewa. Atakuambia habari za jumuiya ndogondogo za Wakatoliki, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizisimamisha miaka ya 1970: watu wa nyumba chache wanakutana leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, wanasoma Injili, halafu linakuja swali ambalo halimo kwenye Injili waliyosoma, nani mgonjwa na nani amelala njaa. Ukimwacha aendelee, atafika 1973.

Mwaka huo Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Wananchi walikusanyika kwa vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu pamoja, anayejua kusoma akimsomea asiyejua, kisha wakajadili: malaria inatoka wapi, kuhara kunatoka wapi, na sisi hapa kijijini kwetu tunafanya nini. Iliendelea wiki kumi na mbili. Viongozi wa vikundi waliofunzwa walizidi 70,000, na walioshiriki walikuwa karibu watu milioni mbili. Sikiliza sasa walichofanya baada ya kusoma: walichimba vyoo. Walifyeka majani karibu na nyumba, wakafukia madimbwi. Hawakutoa tamko, hawakuvaa fulana zinazofanana. Walisoma kwamba kinyesi kinaua watoto, wakachukua majembe.

Ukisikiliza simulizi hii vibaya unaweza kudhani kwamba hivyo ndivyo kusoma kunavyopaswa kwisha. Mkatize mzee kwa heshima. "Shikamoo baba, tunashukuru kwa historia hiyo." Kisha pendekeza picha ya pamoja. Picha ndiyo choo chetu cha siku hizi: ni ushahidi kwamba tulikutana na kitu kikafanyika. Kila mtu ashike kitabu kifuani, jalada lionekane, na yule aliyekuja na nakala ya simu aazimwe cha jirani.

Saa ya chai inahitaji uangalifu wa pekee. Sambusa, bagia, kachori, chai ya tangawizi. Hapo ndipo midomo hufunguka na watu wakasema ya moyoni. Tuseme mwezi huu mnasoma Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya 1980. Mnamzungumzia Bwana Maksuudi, mtu mzito mtaani, mwenye maneno mazuri barazani, ambaye nyumbani kwake wanawake wamefungiwa ndani hata hawaijui njia ya sokoni. Wajumbe wamekasirika kweli. Mmoja amelia, na machozi yake si ya uongo. Mtu gani huyu anayemfungia binti ndani mpaka anatoroka na kupotea mjini kama Maimuna?

Na katikati ya hasira hiyo dada wa kazi anapita na sinia. Alitoka kwao Singida na begi la nailoni, na hajavuka geti tangu Idi, labda siku ile ya kumkimbiza mtoto zahanati. Anakaribisha chai kwa kila mtu. Wajumbe wanapokea kikombe bila kugeuza shingo na kuendelea kumlaani Maksuudi.

Ushauri wangu hapa ni mmoja na ni muhimu kuliko yote: usimtazame usoni. Ukimtazama utamwuliza jina. Ukilijua jina utamwuliza kama amekula, na akijibu ukweli jioni yako imeharibika, maana itakubidi umwambie neno mwenye nyumba, ambaye ndiye mwenyekiti, ambaye wiki ijayo ndiye anayepanga orodha ya safari ya Bagamoyo. Na huyo dada ana hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Kitabu kilicholala mezani mwezi mzima kikisubiri mwenye nyumba akifungue, kuna mtu anakifuta vumbi kila asubuhi. Mtu wa darasa la saba anaweza kusoma Utengano. Lugha yake ni Kiswahili. Siku moja mwenyekiti atauliza, "Jamani, nani amemaliza?" na sauti pekee itakayoweza kujibu kwa haki itakuwa jikoni ikikatakata vitunguu.

Mjumbe mmoja akipendekeza kitabu kisomwe kwa sauti pale pale, ili hata asiyekuwa na nakala asikie, pinga. Huko Uingereza mwanamke anayeitwa Jane Davis alianzisha vikundi vya namna hiyo katika eneo la Liverpool mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watu wanaketi, mmoja anasoma kwa sauti polepole, wanasimama panapowagusa, wanasema au wananyamaza. Kazi hiyo ilikua mpaka ikawa taasisi kamili, The Reader. Ubaya wake ni huu: kitabu kikisomwa kwa sauti, kila aliyemo ndani ya nyumba amekuwa mjumbe. Mama wa chapati amesikia sawa na profesa. Dada jikoni amesikia. Hakuna wa kumtangulia mwenzake kwa kurasa, na kikundi kisichokuwa na wa kutangulia kinaweza kupatwa na usawa.

Baina ya kikao na kikao, huruma huhamia WhatsApp, na huko kazi ni nyepesi. Mtu akiandika kwamba amefiwa, tuma ile mikono miwili iliyofumbatana. Akiandika kwamba mtoto amelazwa, tuma mikono hiyo hiyo. Usipige simu. Mtu mwenye dakika ishirini za bure akizitumia kumpigia mgonjwa, kesho ataulizwa na wengine mgonjwa anaendeleaje, na tayari amekuwa mjumbe wa kamati. Mchango ukipitishwa, toa mapema na toa kidogo, jina lako lionekane juu kabisa kwenye orodha, pale ambapo wanaonakili kuongeza majina yao hawawezi kukuruka.

Yule mama wa chapati hakuja kikao kilichofuata, wala cha baada yake. Hilo ni jambo la kawaida kwenye vikundi hivi na lina maelezo yake: watu wana shughuli. Katibu ataandika "hakutoa udhuru" na kikao kitaendelea na riwaya mpya. Wapo watu wepesi watakaosema kwamba ingefaa mmoja aende, si mbali, ni nyuma ya soko, aangalie kama kibanda kimefunguliwa. Waambie kwamba kikundi hiki ni cha usomaji.

Sasa nikuonye juu ya aina moja ya kikundi, kwa kuwa vipo, na kwa nje havitofautiani na vingine. Utavijua kwa daftari. Kabla kitabu hakijafunguliwa, mtu mmoja anafungua daftari la shule lenye jalada lililochakaa na kuuliza nani hayupo, na kwa nini, na nani amekwenda kumwona. Hawaendelei mpaka swali limejibiwa. Siku nyingine swali hilo linakula muda wote na riwaya haifunguliwi kabisa, na hakuna anayelalamika. Hapo dada wa nyumba anakaa na wengine, na chai anamimina yeyote aliye karibu na birika. Vikundi vya namna hii husoma vitabu vichache kwa mwaka, na ndivyo nilivyoviona vikidumu.

Ukijikuta katika kikundi kama hicho na hupendi kusumbuliwa, ondoka kabla daftari halijafika kwenye jina lako. Kama utabaki, mchango wa chai ni shilingi elfu mbili, njoo na kikombe chako, na ufike saa kumi: viti havijapangwa.